Moto Uliotoka Cloonagort

Dorchester, Boston
10 Machi 1968

Jiwe limekwisha kuchongwa, Myles! Nimeliona kwa macho yangu na kulishika kwa mikono yangu, na jina letu liko juu yake, MUNNELLY, herufi kubwa kama za kanisani. Nililia pale karakanani mpaka fundi akaniletea kiti, akidhani nimefiwa.

Haya, sasa salamu. Mdogo wangu mpendwa, hujambo? Wifi yangu Una hajambo? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Gus bado anaendesha basi, goti linamsumbua na mdomo haumsumbui hata kidogo. Mimi bado niko jikoni pale shuleni, na watoto wanasema hakuna anayepika viazi kama mimi, Mama Tuohy wao. Hilo silisemi mimi, wanasema wao.

Na Colette! Mpwa wako anakuamkia. Yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu, na mwalimu wao wa historia amesema mbele ya darasa zima kwamba hajawahi kumpata mwanafunzi mwenye masikio kama yake. Waliambiwa kila mmoja aandike habari za watu wake walikotoka. Wenzake wameandika kurasa mbili tatu. Colette akaniketisha mezani, akawasha kinasa sauti, akasema, "Mama, anza. Usiruke kitu."

Nikamsimulia ya bibi. Nilimsimulia vile vile bibi alivyokuwa akinisimulia mimi kitandani: askari wa korti na gogo lao la kuvunjia mlango, mvua, yule mama mwenye mimba akiinama mekoni kuchota makaa kwa sababu moto wa nyumba ile ulikuwa haujazimika tangu babu wa babu. Akayatia kwenye chungu cha chuma, akakifunika kwa shali yake mwenyewe, akatoka nao mvuani hadi mlimani. Mpaka mwisho ule wa bibi, meko baridi na kiberiti. Unakumbuka alivyokuwa akilia sikuzote akifika kwenye kiberiti? Colette naye alilia. Hata Gus alilia, na Gus ni mtu wa Kerry, na wa Kerry hawalii kwa habari za Mayo.

Basi jiwe linasema hivi: KUTOKA NYUMBA HII MWAKA 1881 WATU WA MUNNELLY WALITOLEWA NJE KWA NGUVU. MOTO WAO HAUKUZIMIKA. Tunakuja nalo mwaka huu. Chama cha watu wa kwetu Mayo hapa Boston wamechanga, na wengine wanataka kuja nasi. Nitafutie mahali pazuri ukutani, karibu na mlango, watu wa barabarani walione.

Andika upesi.

Dada yako,
Delia


Dorchester
21 Aprili 1968

Myles, kulikoni? Wiki sita bila hata mstari mmoja. Wifi Una ni mgonjwa? Ng'ombe wamekufa? Au posta ya Ballina imeungua?

Sisi wazima. Colette amepata alama za juu kuliko wote, na tarehe mbili Juni atasoma kazi yake mbele ya chama, watu mia mbili, nimeshamshonea gauni la kijani.

Nina jambo moja la kukuuliza. Jumapili iliyopita tulikuwa tunanywa chai chamani na nikawa namsimulia mke wa mwenyekiti habari za jiwe. Pembeni alikuwepo mzee mmoja, Ginty, ametokea upande wetu kabisa, huko nyuma ya kilima. Akageuka.

"Umesema Munnelly wa wapi?"

"Wa Cloonagort," nikamwambia, kifua mbele.

"Na aliyebeba moto ni nani?"

"Watu wangu."

Akanitazama, Myles, kama mtu anayetazama mkono wa mwizi ndani ya mfuko wake. Akasema, "Mama, wewe una ujasiri." Akachukua kofia yake, akaacha chai yake nzima pale mezani, akatoka. Na pesa aliyochangia jiwe akatuma mtu aichukue.

Gus anasema ni wivu. Mimi nasema ni uzee. Wewe unasemaje?

Delia


Cloonagort
28 Aprili 1968

Dada Delia,

Natumaini mu wazima kama sisi tulivyo. Mvua haijakatika tangu Februari, mboji ya kuwasha mekoni haikauki na tunatumia ile ya mwaka jana. Ng'ombe wawili wamezaa. Una anakusalimu sana. Hongera kwa Colette.

Habari kubwa ya huku ni kwamba zamu ya Misa ya nyumbani imefika kwetu. Padri Loftus ametangaza kuwa itasomwa hapa vuli hii. Una hana usingizi kwa furaha. Tunabomoa paa la nyasi tuweke la vigae, na majirani wanakuja kusaidia.

Kuhusu jiwe, nakuomba lisije. Wewe na Colette karibuni wakati wowote. Jiwe libaki huko.

Mzee Ginty simfahamu.

Wako,
Myles


Dorchester
12 Mei 1968

Kwa Myles,

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta sababu, sikuiona. "Libaki huko," basi! Kama vile ni mbwa. Mimi niliyetuma nguo na viatu kila Krismasi tangu mama yupo hai, naambiwa jiwe la babu zangu libaki huko?

Najua kinachokusumbua. Unaona haya. Hukuwahi kupenda watu wakutazame, umemfuata baba mzima mzima. Nakumbuka Misa ya nyumbani ilivyokuwa ikizunguka kijiji chote, nyumba hadi nyumba, na ikifika kwetu inaruka kwenda nyumba ya ng'ambo. Nikimuuliza mama ananiambia, "Baba yako hapendi umati." Nilikuwa nakwenda kula mkate wa magadi na siagi kwenye nyumba za watu, na sisi hatukuwahi kumlisha mtu hata siku moja. Niliona aibu sana, Myles. Sikuwahi kukwambia.

Sasa kama zamu imefika kwetu, si ndiyo bahati yenyewe? Kijiji kizima kitakuwa uani! Siku hiyo hiyo tutalifunua jiwe. Na kwa vile wewe ni mzito, nimekupunguzia kazi. Nimemwandikia Padri Loftus mwenyewe, nikamweleza habari yote ya moto na ya kufukuzwa, nikamwomba aisome kanisani Jumapili moja ili watu wajiandae. Colette alinisahihishia maandishi. Ni barua nzuri sana, utaisikia mwenyewe.

Msalimu Una. Mwambie nakuja na vitambaa vya meza.

Delia


Cloonagort
20 Mei 1968

Delia,

Mpigie simu padri, au umpelekee telegramu leo hii, umwambie asisome barua yako. Mimi nimekwenda kwake mara mbili. Yuko Dublin kwa matibabu na hakuna ajuaye atarudi lini, na barua zake anafungua mwenyewe. Fanya hilo kwanza kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nilitaka nikwambie ana kwa ana, au nisikwambie kabisa. Si sisi tuliofukuzwa.

Ilikuwa nyumba ya Padden. Shamba lilikuwa lao, na meko, na moto. Walipotolewa nje, nchi nzima ilikuwa imekubaliana kwamba mtu asichukue shamba la aliyefukuzwa, liote magugu, mwenye ardhi akose kodi mpaka anyooke. Wote walishika neno. Babu yetu hakulishika. Alikwenda usiku kwa wakala wa mwenye ardhi akalichukua, na mwaka uliofuata akamwoa bibi akamleta humu. Kwa hiyo walitususia. Hakuna aliyetuuzia wala aliyetununulia, mhunzi hakupigilia vyuma kwenye kwato za farasi wetu, na kanisani tulikaa benchi peke yetu. Wakati wetu mimi na wewe ilikuwa imebaki Misa ya nyumbani tu. Walikuwa wakituamkia njiani, ila mlango huu hawakuuvuka. Baba aliniambia yote haya mwaka aliponiachia shamba, akaniambia nisikwandikie.

Wewe fikiria tu, Delia. Bibi alikuwa msichana wa jirani, amesimama juu ya ukuta na wenzake siku ile, akaona yote. Ndiyo maana aliijua mpaka rangi ya shali. Na ulijiuliza kwa nini hadithi yake iliishia ndani ya nyumba, kwenye meko baridi? Aliyebeba moto alikwenda nao mlimani. Aliyebaki na meko baridi ni aliyeingia baadaye. Bibi arusi alizunguka kijiji kuomba kaa moja la kuwashia, na hakuna nyumba iliyompa. Akawasha kwa kiberiti. Hapo ndipo alipokuwa akilia.

Mtoto aliyekuwa tumboni mwa yule mama ni Sabina Padden, yuko hai, ana miaka themanini na sita, anaishi mlimani na mtoto wa kaka yake, Austin. Unamkumbuka.

Una hakujua haya, yeye ni mtu wa Sligo. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu alipanda mlimani kwenda kumwomba Sabina kuku wa kuatamia. Nilipojua nilitaka kufa. Sabina akampa. Toka siku hiyo Una amekuwa akienda, miaka mitatu sasa, na Januari Sabina akamwambia, "Misa ikifika kwako nitakuja." Aliposema yeye, wote wakasema. Austin ndiye ananijengea paa.

Wewe uliondoka na hadithi, mimi nilibaki na shamba. Usinichomee.

Myles


Dorchester
2 Juni 1968

Ni uongo. Baba alikuwa mtu wa kinyongo na amekutia kinyongo chake. Bibi yangu alilala na mimi kitanda kimoja miaka kumi na tatu na hakuna siku aliyosema "wao". Alisema "yule mama." Yule mama ni nani kama si wetu?

Colette amesoma kazi yake leo mchana. Walisimama kumpigia makofi. Sikutuma telegramu.

D.


Cloonagort
9 Julai 1968

Dada,

Padri amerudi, na Jumapili ameisoma.

Aliisoma vizuri, maskini, yeye ni mtu wa Galway na hana ajualo, alidhani anatufurahisha. Kanisa lilikuwa limejaa. Alipofika kwenye chungu cha chuma nikasikia watu wanaacha kukohoa. Alipofika "bibi zetu wa Munnelly waliobeba moto wao mvuani", Sabina alikuwa benchi la tatu na shali yake nyeusi. Hakugeuka. Aliinuka na fimbo yake, akapiga ishara ya msalaba, akatoka polepole katikati ya kanisa, na Austin nyuma yake, na Ginty wote, na majirani wa Lavelle. Padri akabaki ameshika karatasi.

Nje, Austin alinisubiri kwenye lango.

"Mlichukua shamba," akaniambia. "Sawa, hayo yalikwisha. Mkachukua nyumba. Sasa mnataka na mvua iliyotunyeshea?"

"Austin, sikuandika mimi."

"Jina lililoko chini ni la nani?"

Nikavaa kofia yangu nikaondoka.

Jumatatu hakuna aliyekuja kazini. Ngazi ya Austin haipo. Upande wa kaskazini una vigae, upande wa kusini uko wazi, nimefunika kwa turubai na linapigwa na upepo mchana kutwa. Una hasemi nami wala nawe. Alipanda mlimani jana na mkate, akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka. Alirudi na mkate wake.

Padri anauliza kama aipeleke Misa nyumba nyingine. Nimemwambia asubiri. Sijui namsubirisha nini.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Myles


Dorchester
11 Agosti 1968

Kwa mdogo wangu Myles, na kwa Una, hata kama hataki kuisoma.

Natumaini hamjambo na turubai linashika. Sisi wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoketi niliandika barua ya hasira nikaichana. Colette alizikuta kwenye pipa. Akauliza, nikampa zako zote azisome. Nilidhani atalia. Akasema, "Mama, twende kwa Mzee Ginty."

Sikutaka. Alinivalisha koti kama mtoto.

Mzee anakaa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Alifungua mlango akiwa na fulana tu, akatutazama.

"Mmekuja kuchukua mchango wangu tena?"

"Tumekuja kuuliza," Colette akasema. "Wewe kwa Padden ni nani?"

"Mama yangu alikuwa Padden."

"Basi tusimulie wewe."

Akacheka, Myles, kicheko kibaya. "Nisimulie nini? Kwetu hakuna aliyesimulia. Najua tu kwamba walitolewa nje na kwamba nyinyi mliingia. Hiyo ya chungu, ya shali, ya askari aliyevua kofia kumpisha, nimeisikia mara ya kwanza mdomoni mwa mama yako, akinywa chai."

Nilikaa kwenye ngazi zake. Kumbe bibi ndiye peke yake aliyekuwa nayo, na hakumpa mtu mwingine ila mimi. Myles, nilikuwa mtoto wa miaka minne mitano, nimejikunja mgongoni kwake, na yeye ananiambia gizani jambo ambalo mchana asingeweza kulitamka. Nikalivaa kama gauni langu. Na ukitaka nikwambie kweli, nilikuwa na shaka hata zamani. Misa inayoruka nyumba haihitaji mwalimu. Lakini ukiwa huku, watu wanakuuliza, "Wewe umetoka kwa watu gani?" na unataka kuwa na jibu la kusimama nalo.

Basi Jumapili iliyopita nimesimama nalo. Chamani, mbele ya wale wale waliompigia Colette makofi. Nilimwambia mwenyekiti nina neno. Nikawaambia: moto ule ulikuwa wa Padden, na sisi ni watu wa kiberiti. Nililisema hivyo hivyo. Mke wa mwenyekiti akatazama viatu vyake. Mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mkwapuzi wa shamba!" Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, na miguu yangu ililijua kabla ya masikio. Gus alitaka kumfuata. Nikamshika koti, nikasema, "Mwache, yuko sawa," nikaketi. Hakuna aliyekuja mezani kwetu. Colette wangu akanimiminia chai mbele ya macho yao wote. Mtoto huyo atakuwa mwalimu mkuu, nakwambia.

Jiwe limelala uani, uso chini. Gus analikanyaga akienda kutundika nguo.

Sasa nakuomba, na najua sina haki ya kuomba. Panda mlimani. Kama mlango umefungwa, simama nje useme kwa sauti, na anayesikia asikie. Mwambie Bi Sabina kwamba barua ya kanisani ilikuwa kosa langu mimi Delia, si lako wala la Una. Mwambie nimeshasema hivyo kwa kinywa changu mbele ya watu wa Mayo. Na umuulize kitu kimoja tu. Jina la mama yake. Bibi hakuwahi kulitaja, na nimekuwa nikisimulia habari za mwanamke asiye na jina maisha yangu yote.

Delia


Cloonagort
27 Agosti 1968

Dada Delia,

Sote wazima. Tumepata siku nne za jua, mboji imekauka.

Nilipanda Ijumaa. Mlango ulikuwa umefungwa kama ulivyosema, nikasimama nje kama mwendawazimu, nikaisoma barua yako yote kwa sauti, hata ile ya Gus na nguo. Mbwa tu ndiye aliyenisikiliza. Nilipomaliza nikageuka kuondoka.

"Soma tena pale," sauti ikatoka ndani. "Pale pa askari."

Nikasoma. Mlango ukafunguliwa. Austin alikuwa ameketi, hakuinuka. Sabina alikuwa amesimama kashikilia kizingiti.

"Alivua kofia?" akaniuliza. "Askari wa Malkia alimvulia mama yangu kofia?"

"Ndivyo bibi alivyomwambia Delia."

"Na nini tena?"

"Mimi sijui yote, Bi Sabina. Nililala chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyelala na bibi."

Akakaa. Austin akasema, "Shangazi, si lazima." Akamwambia, "Nyamaza wewe, hujazaliwa." Austin ana miaka hamsini na moja.

Kisha akaniambia, "Nilikuwa namuuliza mama. Kila nikimuuliza ananiambia, 'Kula viazi vyako.' Mpaka alipokufa, 'Kula viazi vyako.' Nimekula viazi miaka themanini, sijui hata siku ile alivaa nini."

"Shali nyekundu," nikamwambia. Hilo nalijua.

Delia, alifunika uso.

Alipotulia akasema nikuandikie hivi, na amenirudisha mara mbili nisikosee: "Mwambie asije na jiwe, mawe ninayo ya kutosha huku mlimani. Aje yeye. Siku ya Misa, baada ya chai, aketi pale mekoni mbele ya watu wote aisimulie tangu mwanzo, na asiruke kile cha kiberiti. Nikisikia uongo hata mmoja nitainuka nitoke kama nilivyotoka kanisani, na safari hiyo sitarudi. Na mama yangu aliitwa Honor."

Austin alinisindikiza hadi langoni. Hajanisamehe. Ila jana asubuhi alikuja na ngazi, na wa Lavelle wawili, na hakuna aliyesema neno mpaka saa sita. Saa sita akasema, "Vigae vyako ni vibovu." Tumebakiza mistari mitatu.

Na Una je? Amesema vitambaa vya meza viwe vyeupe. Basi ujue anakusemesha.

Padri anataka tarehe. Nijibu kwa telegramu kama unakuja au huji, lakini uniambie kweli. Usipokuja, naye hatakuja, na baada ya hapo sijui.

Myles


Dorchester
8 Septemba 1968

Nakuja! Telegramu utakuwa umeipata, lakini siwezi kukaa na habari hii mikononi.

Haya, hamjambo nyote? Sisi wazima, ila mimi silali vizuri wala sili, na Gus anasema nimeanza kufanana na picha yangu ya paspoti. Nimeomba ruhusa jikoni shuleni. Bibi mkubwa wa jikoni akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna Misa. Akauliza, "Unakwenda mpaka Ayalandi kwa ajili ya Misa moja?" Nikamwambia, "Wewe hujui Misa hiyo imechelewa kiasi gani."

Colette anakuja, chuo kimemruhusu, na mwalimu wake amemwambia kazi ile aiandike upya yote na hatampunguzia hata alama moja. Ameshaanza. Anasema ya kwanza ilikuwa nzuri na hii ni ngumu. Gus anakuja kunishika mkono, ingawa anasema anakuja kuona kama watu wa Mayo wana chai. Na ajabu zaidi, juzi mlango uligongwa, nikamkuta Mzee Ginty, amenyoa, ana sanduku lililofungwa kwa kamba. "Mna nafasi ya mmoja?" Hajarudi tangu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nikamwambia, "Ingia, chai uliyoiacha Aprili bado ipo." Hakucheka, lakini aliingia.

Kila siku jioni Colette ananiketisha jikoni nimsimulie, bila kinasa sauti. Nikisema "sisi" mahali pa "wao" ananigusa goti. Mwanzoni alinigusa mara nyingi. Jana aligusa mara moja tu, pale pa mvua. Nikifika kwa Honor akiinama mekoni nalitaja jina lake. Nikifika kwa bibi na kiberiti sijui kama nitaweza, Myles. Nakwambia kweli kama ulivyoniomba. Naogopa kuliko siku nilipopanda meli. Nitakuwa naketi mahali ambapo si petu, nikimsimulia mwenye napo, na yule mama mzee akinitazama mdomo.

Lakini nitasimulia. Akiinuka ainuke. Atakuwa amesikia hadi alipofikia.

Mwambie Una vitambaa ni vyeupe kama maziwa, na nimevipiga pasi mwenyewe. Mwambie Austin asipate tabu kutusalimia kama moyo hautaki. Na mwambie Bi Sabina kwamba sisi wanne hatutavuka kizingiti. Tutasimama uani, mvua ikinyesha au isinyeshe, mpaka yeye atangulie kuingia kwa mlango aliotokea mama yake, ndipo nasi tufuate nyuma yake.

Padri apewe tarehe. Wa Lavelle waambiwe, na Ginty wote, na kila nyumba ambayo Misa ilipita kwake ikaruka kwetu: wote tunawangoja Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba, saa mbili asubuhi.

Dada yako,
Delia